Gurumo wa Masaki: miaka 53 kwenye vyombo vya watu

Ukimwambia mkazi wa Dar es Salaam wa leo kwamba unakwenda Masaki, atajua unaelekea ufukweni, kwenye maghorofa na nyumba za mabalozi. Masaki alikozaliwa Muhiddin Maalim Gurumo mwaka 1940 si huko. Ni kijiji cha Kisarawe, nyuma ya vilima vya Pugu, nchi ya mihogo na mikorosho. Huo ni Uzaramo, nchi ya Wazaramo, inayoenea mpaka Kibaha. Ni nchi ya ngoma pia: mdundiko wa kutembea barabarani, msondo, sikinde. Majina mawili kati ya hayo matatu yalikuja kuwa mitindo ya bendi mbili kubwa za muziki wa dansi Tanzania, na Gurumo aliimba katika zote mbili tangu zilipoundwa.

Bendi hizo zilijiita "jazz", na hapo mgeni hupotea. Mtu wa New Orleans angeweza kukaa usiku kucha akisikiliza Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz au Morogoro Jazz asikutane hata mara moja na kile anachokiita jazz nyumbani kwao. Hapa kwetu jina hilo lilimaanisha muziki wa kisasa wa kucheza dansi, wenye magitaa na vyombo vya kupuliza. Mizizi yake ni ya huku. Tangu mwisho wa karne ya 19 miji ya pwani ilikuwa na beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, vyeo vya kujipachika na matarumbeta, kuanzia miji ya pwani hadi ndani kabisa ya Tanganyika. Miaka ya 1930 vijana wa mjini waliliona gwaride hilo limepitwa na wakati. Wakahamia dansi ya wawili wawili, na Dar es Salaam Jazz ikazaliwa mwanzoni mwa muongo huo. Zikaja pia santuri za Kuba za mfululizo wa GV. Rumba na chacha zikaingia, na huko Morogoro Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba bila kuona haja ya kumweleza mtu kwa nini.

Saksafoni ilipitia njia hiyo hiyo ya jeshi. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyefanya kazi Paris, aliisajili mwaka 1846, na wateja wake wa mwanzo walikuwa bendi za jeshi la Ufaransa. Kwa hiyo Afrika iliiona kwanza mikononi mwa watu waliovaa sare. Aliyeivua sare, kwa upande wetu wa bara, ni Kongo. Miaka ya 1950 mpulizaji Mbelgiji Fud Candrix alirekodi Léopoldville na studio ya Opika, na vijana kama Jean Serge Essous walimsikiliza wakajua kwamba chombo hiki kinaweza kuimba. Santuri za Kongo na redio zikafikisha sauti hiyo Dar es Salaam, na mashabiki wa huku hawakukawia kukipa chombo jina kutokana na umbo lake: domo la bata.

Huu ndio muziki aliouingia Gurumo mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, akiwa na Kilimanjaro Chacha. Hakuwa mpulizaji wala mpiga gitaa. Alikuwa mwimbaji na mtunzi, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. Ilikuwa nzito kidogo, imenyooka, ya mtu anayesimulia jambo lililotokea na hataki ulisahau. Akapita Rufiji Jazz, akapita Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa vilabu vya watu wa sehemu moja waliohamia mjini. Wanachama walichanga wakanunua vyombo, mapato ya mlangoni yakagawanywa, na mwanamuziki alishika kazi nyingine mchana. Gitaa likiibiwa au spika ikiungua, klabu nzima iliyumba.

Mwaka 1964 mambo yalibadilika, na mabadiliko yenyewe yalianzia kambini. Baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo, serikali ilivunja shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi na kuunda chama kimoja, NUTA. Chama hicho kipya, pamoja na ofisi na michango yake, kikaunda bendi. NUTA Jazz haikuwa klabu ya watu wa Rufiji wala wa Kilwa. Ilikuwa bendi ya taasisi, wanamuziki wake wakilipwa mshahara kila mwezi, vyombo vikiwa mali ya chama. Gurumo alikuwamo tangu mwanzo. Mfano huo ukaigwa na wengi: Polisi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na Kimulimuli yake, kiwanda cha nguo cha Urafiki mwaka 1970, Umoja wa Vijana na Vijana Jazz mwaka 1971, hata Shirika la Bima. Mwanamuziki akawa mtumishi.

Watu wengi wanaoandika juu ya kipindi hicho hukilaumu kwa nyimbo za kusifu sera, na kweli nyimbo nyingi za baada ya Azimio la Arusha la 1967 ni mzigo kuzisikiliza leo. Lakini mshahara ulileta kitu kimoja kisichosemwa sana: mazoezi. Watu waliokutana mchana, siku baada ya siku, kwenye vyombo vilevile, walijuana pumzi. Hilo halionekani wazi kwenye magitaa. Linasikika kwa wapulizaji. Tarumbeta mbili na saksafoni zikipiga mstari mmoja, mmoja akichelewa hata kidogo sikio la mlevi wa mwisho ukumbini linamjua. NUTA Jazz walikuwa na Joseph Lusungu na Mnenge Ramadhani, na safu yao ya kupuliza ilikuwa imebana kiasi cha kuwa alama ya bendi. Ukiwasha redio ukakuta wimbo umeshaanza, mstari mmoja wa wapulizaji ulitosha kukuambia ni nani.

Mtindo wao wakauita Msondo. Kila bendi ya Dar ilikuwa na mtindo wake, maana yake jina la mpigo, la uchezaji na la ushabiki kwa pamoja, na jina hilo lilibaki hata wanamuziki walipohama. Msondo ni ngoma ndefu ya pwani, ya unyago, inayopigwa kwa mikono. Kumpa mtu wa Kariakoo aliyevaa suruali ya kengele ngoma ya bibi yake, tena kwa gitaa la umeme na domo la bata, lilikuwa jambo la ujasiri kuliko tunavyodhani sasa. Bendi nyingine zilikuwa zinakimbilia majina ya Kikongo. NUTA walirudi kijijini.

Mwaka 1978 Gurumo aliondoka. Shirika la usafiri na teksi, TTTS, lilikuwa linaunda bendi ya kupiga katika baa ya Mlimani Park. Nchi ilikuwa hivyo wakati ule: shirika la teksi likawa mwajiri wa bendi bora kuliko zote. Kutoka Dar International walikuja Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Cosmas Chidumule. Kutoka NUTA akaja Gurumo, na Hassan Bitchuka naye akajiunga, sauti nyembamba ya juu iliyokaa kando ya sauti nzito ya Gurumo kana kwamba zilikatwa kwenye kitambaa kimoja. Na alikuwapo Michael Enock, aliyewahi kuongoza Dar es Salaam Jazz, mtu aliyeitwa "King" na "Teacher" na kustahili yote mawili. Enock alicharaza gitaa, alipuliza saksafoni, na zaidi ya yote alipanga muziki: nani aingie wapi, nani anyamaze.

Mtindo wa bendi hii mpya ukaitwa Sikinde, ngoma nyingine ya Uzaramo, na wito wake ukawa "ngoma ya ukae", ngoma ya nyumbani kwa Kizaramo. Si kubahatisha kusema jina hilo lilitoka upande wa Kisarawe.

Wimbo wa Mlimani Park wa miaka ile ulikwenda hivi. Gitaa la solo linafungua, la pili linajibu, rithimu na besi zinakaa chini, tumba haina haraka. Wapulizaji wanaweka mstari mfupi, kisha wanajiondoa kabisa. Mwimbaji anaingia. Sasa ni hadithi: barua iliyotoka kwa kaka, mke aliyekosewa, rafiki aliyekopa akapotea. Ukumbi unacheza taratibu, na wengi wamesimama tu wanasikiliza, kwa sababu maneno ndiyo yaliyowaleta. Kila ubeti ukiisha wapulizaji wanatia mstari mwingine, si kwa kushindana na mwimbaji bali kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Halafu, karibu na nusu ya wimbo, mpigo unabadilika. Hiyo ndiyo chemko. Maneno yanapungua yabaki ya kuitikia, magitaa yanazunguka, na domo la bata linashika uongozi na tarumbeta zikilifuata. Mshabiki aliyekuwa akitafakari matatizo ya ndoa ya mtu mwingine anajikuta katikati ya ukumbi jasho linamtoka. Wimbo ungeweza kuchukua dakika 10 jukwaani, na redioni ukakatwa.

Gurumo alijua kutumia mpango huo kuliko waimbaji wengi wa rika lake. Hakujaza nafasi. Alimaliza sentensi akanyamaza, na mstari wa wapulizaji uliofuata ukasikika kama maoni ya jirani juu ya aliyoyasema. Ni ustadi wa mtu aliyekulia kwenye ngoma, ambako mwimbaji anatoa na waitikiaji wanapokea. Kwenye bendi waitikiaji wake walikuwa na vipande vya shaba.

Mwaka 1983 TTTS ilishindwa kuendelea, bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC), ikawa DDC Mlimani Park, makao makuu yake yakiwa ukumbi wa DDC Kariakoo. Wanamuziki walikuwa walewale. Mwenye vyombo ndiye aliyebadilika.

Neno "vyombo" ndilo linaloeleza kila uhamisho wa miaka hiyo. Gitaa la umeme, ampi, ngozi za ngoma, nyuzi, hata kile kipande chembamba cha mwanzi kinachokaa mdomoni mwa saksafoni na kuchakaa upesi, vyote vilitoka nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwapo. Mwanamuziki hata akiwa na jina nchi nzima hakuweza kununua seti ya bendi. Kwa hiyo alikwenda kwa mwenye vyombo: chama, shirika, au mfanyabiashara mwenye njia zake.

Mfanyabiashara wa namna hiyo alikuwa Hugo Kisima, mwenye Safari Resort ya Kimara na Orchestra Safari Sound. Mwaka 1985 aliivunja bendi aliyokuwa nayo, iliyoongozwa na Ndala Kasheba, akawaendea watu wa Mlimani Park. Gurumo na Abel Balthazar wakakubali na wenzao kadhaa wakawafuata. Ikaundwa International Orchestra Safari Sound, mtindo Ndekule. Dar nzima iligawanyika. Mashabiki wa Sikinde walimwona Gurumo msaliti, wa Ndekule walimwona mtu aliyepata haki yake, na bendi zenyewe zikarushiana vijembe kwenye nyimbo. Sikinde walikuwa na hasira ya haki, lakini hawakufa. Enock alijaza mapengo, wapulizaji wakaendelea kukaza mistari yao, na ndani ya muda mfupi DDC Kariakoo ilijaa tena. Kwa maoni yangu hilo ni sifa kwa Gurumo pia: alichosaidia kujenga kilikuwa na nguvu ya kusimama bila yeye.

Ndekule ilivuma miaka michache. Kisima alipoamua kuachana na biashara ya muziki, hapakuwa na chama wala shirika la kuishika, na bendi ikaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gurumo akarudi alikotoka. NUTA yenyewe ilikuwa imebadilika ikawa JUWATA, kisha OTTU, na bendi ikabadilishwa jina kila mara chama kilipobadilika, hadi watu wakachoka kufuatilia na kuiita tu Msondo. Humo alimkuta Said Mabera, mcharaza solo aliyekuwa na bendi hiyo tangu miaka ya 70, na TX Moshi William, mwimbaji aliyekuwa amekwisha kuwa nguzo. Baadaye chama kiliachana na bendi, nayo ikasimama peke yake kama Msondo Ngoma, "Baba ya Muziki" kama mashabiki wake wanavyoiita.

Hapo ndipo ushindani wa Msondo na Sikinde ulipofikia umbo lake la sasa, wa watani wa jadi, kama Simba na Yanga. Bendi mbili jukwaa moja, kila upande na watu wake, wazee waliovaa shati la mikono mirefu wakibishana nani anapuliza vizuri zaidi. Gurumo alikuwa Msondo. Lakini nyimbo nyingi zilizopigwa upande wa pili zilikuwa za kipindi chake pia, na mtu yeyote aliyekuwa na kumbukumbu alijua.

Fedha ni habari nyingine, na si nzuri. Sehemu kubwa ya muziki huo ilirekodiwa Radio Tanzania, katika studio ya Barabara ya Pugu, bendi nzima ikipiga kwa pamoja kwenye utepe. Redio ndiyo iliyowafanya wajulikane nchi nzima, na redio ndiyo iliyobaki na utepe. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo aliyetaka sahani alikwenda Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, njia hiyo nayo ikakatika hadi 1983. Mahali pake palichukuliwa na kaseti za kunakili. Kijana mwenye redio mbili na waya mmoja aliuza nyimbo za Mlimani Park mtaani, na waliozipiga hawakupata senti. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa 1999, baada ya miaka mingi ya nyimbo hizo kuzunguka bure. Wakati huo kampuni ndogo za Ulaya na Marekani zilikuwa zimeanza kutoa CD za Sikinde, Msondo na Ndekule kwa wasikilizaji ambao hawakuwahi kufika Kariakoo.

TX Moshi alifariki mwaka 2006, na Msondo iliyumba vibaya. Gurumo aliendelea kupanda jukwaani akiwa mgonjwa mara kwa mara. Mwaka 2013, akiwa na miaka 73, alitangaza kustaafu baada ya miaka 53 ya muziki kwa hesabu yake mwenyewe, na akasema hadharani kwamba kazi hiyo yote haikumwachia hata baiskeli. Kauli hiyo ilisambaa kuliko wimbo wake wowote wa miaka ya karibuni. Mwaka huohuo Diamond Platnumz, kijana wa muziki ambao wazee wengi wa dansi walikuwa wakiubeza, alimkabidhi gari. Wapo waliosema ni matangazo. Inawezekana, lakini gari lilifika, na mashirika yote yaliyowahi kumwajiri hayakuwa yamefanya hata hilo.

Alifariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 13 Aprili 2014, akazikwa kijijini kwao, Masaki ya Kisarawe.

Kumpima kwa mali ni kumwonea. Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa Mombasa Januari 1979, alikuwa na kipaji kikubwa zaidi cha gitaa. Marijani Rajab alikuwa na sauti tamu zaidi, na Bitchuka alipanda juu mahali Gurumo asingethubutu. Lakini hakuna mwingine katika dansi ya Tanzania aliyesimama mbele ya NUTA mwaka 1964, Mlimani Park mwaka 1978 na Safari Sound mwaka 1985, kila mara bendi ikiwa mpya, na kila mara ikawa kubwa. Balthazar alikuwa naye mara mbili kati ya hizo, naye hatajwi inavyostahili.

Wasiotajwa kabisa ni wapulizaji. Jina la mwimbaji linajulikana, la mcharaza solo linajulikana, lakini kanda nyingi za Barabara ya Pugu zina jina la bendi na la wimbo tu. Bado wapo watu Kariakoo, Ilala na Kisarawe ambao ukiwapigia wimbo wa mwaka 1980 watakuambia papo hapo ni nani aliyeshika domo la bata. Umri wao umekwenda. Shirika la utangazaji la taifa, TBC, lililorithi kanda hizo, liwaite studio, liwapigie nyimbo moja baada ya nyingine, na majina wanayoyataja yaandikwe.